Uzito wa Ng'ombe Aliyetangulia

Nimestaafu Ijumaa. Keki imeliwa, hotuba zimesemwa, na vijana wa ofisi mmeniomba niwaandikie kitu kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Nimekubali, lakini msitegemee niandike kwa unyenyekevu. Katika zile hotuba mmoja wenu alinisifu kwamba nimeivumilia lugha ya C miaka yote hii. Mtu huvumilia jino bovu, kijana wangu. Mimi C niliichagua, na kila mwaka alipokuja mtu wa kuniambia imekufa, nilimkaribisha kiti na nikaendelea kuandika.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, mjini Machakos, katika ofisi ndogo juu ya duka la hadiwea. Kampuni yetu ilikuwa inafunga mizani za elektroniki: za magunia ya kahawa huko Kangundo, za malori ya kokoto Mlolongo, na baadaye za mifugo. Vyuma vilitoka nje, lakini programu ya kusoma ule uzito na kuuonyesha kwenye kioo tuliandika sisi wenyewe. Nilifika nikiwa na diploma na sketi mpya. Mkuu wa programu alikuwa Mzee Kioko, mtu mfupi mwenye sweta ya kahawia ambayo sijawahi kuona ikifuliwa wala ikinuka. Aliniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia nimesoma mpaka politekniki. Akasema hakuniuliza hilo.

Alinipa rundo la karatasi za printa, zile zenye matundu pembeni, akaniambia niketi nisome programu kwa sauti, mstari kwa mstari, na kila mstari nieleze unafanya nini. Nikifika mahali nikasema "hapa ni kawaida tu," ananirudisha juu. Wiki nzima sikugusa kompyuta. Nilikuwa nikirudi nyumbani koo limekauka, mama ananiuliza kama nimeajiriwa ofisini ama mnadani.

Msicheke. Hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa, na sijaona njia bora tangu siku hiyo. Jicho linaruka, ulimi hauruki. Mahali unapoandika alama moja ya usawa badala ya mbili, jicho lako linaona mbili kwa sababu ndizo ulizokusudia. Ulimi unaposoma unaikuta ile moja. Nimewasikia wengine wenu mkisema siku hizi kuna vifaa vya kukagua hayo yote. Vipo, na mvitumie. Halafu msome kwa sauti.

Kompyuta ya kuendesha kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, ilikuwa moja tu ofisi nzima. Ilikuwa ya polepole sana. Unabonyeza, unaenda kuwasha stovu, unachemsha chai, unakunywa nusu kikombe, ndipo inakwambia umesahau nukta-mkato ukurasa wa pili. Kwa hiyo tulikuwa tunafikiri kwanza. Nyinyi mnabonyeza kila mnapopumua, na sina ugomvi na hilo, ila msiniambie tulikuwa wajinga kwa sababu tulikuwa polepole.

Mzee Kioko alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Maonyo yote ya kompaila yawashwe, na programu isitoke ofisini ikiwa na onyo hata moja. Kuna fundi aliyekuwa akiyazima ili skrini iwe safi. Mzee alimwambia kwamba kompaila haijawahi kumwona, haimjui kwao, na haina sababu ya kumchukia. Ikisema kitu, asikilize. Yule fundi alihamia idara ya mauzo, na huko nasikia alifanya vizuri sana.

Swali ambalo vijana wapya wameniuliza zaidi ya yote ni hili: kwa nini programu inaanguka mahali ambapo hakuna kosa? Jibu ni kwamba C haikukatazi kitu. Umejitengea safu ya nafasi kumi, ukaandika ya kumi na moja, itaandika. Itaandika kwa jirani. Na jirani ndiye atakayelia, kesho kutwa, mbali kabisa na ulipoharibu. Kwa hiyo ukisikia kilio, usimkamate anayelia. Rudi nyuma uangalie nani alipita hapo kabla yake. Hii nimeirudia mpaka mkaanza kuniigiza jikoni mwa ofisi, nikiwasikia.

Na kwa wasichana mliokuja juzi: ndiyo, ilikuwa hivyo mnavyosikia. Nilikuwa napiga magoti chini ya mizani, waya mdomoni, mikono ina grisi, mteja anakuja anauliza fundi yuko wapi. Nilikuwa nawajibu fundi ndiye huyu, mshikilie tochi. Wengi walishika. Mmoja alikataa, akasema atangoja mwanamume aje. Nikakusanya vyombo vyangu nikaondoka, na kiwanda kikakaa bila mizani mpaka meneja alipompigia mkurugenzi wetu simu ya kuomba nirudi. Nilirudi nimekwisha kunywa chai.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa Mlolongo, kwenye machimbo ya mawe. Programu ilipimwa mezani kwetu ikafanya kazi vizuri kabisa. Tukaipitisha tena kwenye kompaila kwa ile njia ya kuifanya iwe ya haraka, tukaipeleka, na ilipofika huko ikaganda. Lori liko juu ya mizani, dereva anapiga honi, vumbi tupu, skrini imekufa. Fundi aliyetoka Nairobi akashauri tuiache ile njia ya haraka, turudishe ya polepole, twende nyumbani. Nikamwambia aende yeye. Mimi nilitaka kujua.

Nilikaa kwenye ukuta wa kibanda nikasoma kwa sauti, madereva wakanidhani naombea mashine. Kosa lilikuwa kwenye kitanzi cha kusubiri. Programu ilikuwa inazunguka ikisubiri kigeu kimoja, yaani nafasi moja ya kuwekea namba, kibadilike, na kile kigeu hubadilishwa na waya wa mizani, kutoka nje. Kompaila ilitazama ndani ya kitanzi, ikaona hakuna mtu anayekigusa, ikaamua kukisoma mara moja tu na kukaa na jibu hilo milele. Haikukosea. Hatukuwa tumeiambia kwamba kuna mtu nje. C ina neno la kusema hivyo, volatile, na nililiandika, lori likapimwa, dereva akanitupia chungwa. Kama tungerudisha njia ya polepole, lile kosa lingelala pale likitungoja. Kosa ambalo hujalielewa halijaondoka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nikubali kuandika, kwa sababu limesimuliwa vibaya ofisini na nimechoka kulisikia.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, mkurugenzi wetu, Bwana Mutisya, alipata kandarasi ya mizani ya mifugo kwenye soko moja upande wa Muthetheni. Kampuni ilifunga mizani na pia ikaajiri karani wa kuiendesha. Kwa programu, ilichukuliwa ile ile ya magunia ya kahawa, wakabadilisha jina linaloonekana kwenye skrini. Sikuulizwa, nilikuwa nimekwama Mlolongo na vumbi langu. Ninasema hivi si kwa kujitoa, ninasema ili mjue jinsi mambo yanavyofanyika. Programu iliyofanya kazi vizuri mahali pamoja hupewa safari ya pili bila mtu kuiuliza kama ina viatu.

Karani aliitwa Mueni. Msichana wa hapo hapo, wa familia ya wakulima, mwimbaji wa kwaya ya kanisa Katoliki, sauti yake inasikika bila spika. Lakini alipewa spika, kwa sababu kazi ilikuwa hivyo: ng'ombe anaingia kwenye kijia cha mbao, geti inafungwa, mashine inasoma, na Mueni anatangaza uzito kwenye maiki ili muuzaji na mnunuzi wausikie kwa pamoja. Watu walimpenda. Alikuwa hanung'uniki na hapunguzi sauti kwa uzito wa mtu maskini.

Baada ya muda malalamiko yakaanza. Wanunuzi wa kichinjio walikuwa wakipima upya ng'ombe wakifika kwao, na wengine walikuwa wepesi kuliko walivyotangazwa sokoni. Wale wa wakulima wa kawaida, leo wako juu kidogo, leo wako chini kidogo, hakuna anayejali. Lakini ndume wadogo wa Haji Adan, mfanyabiashara Msomali aliyekuwa na duka na kundi pale mjini, walikuwa wazito kila siku ya soko. Kila siku. Basi maneno yakajiandika yenyewe: Mueni amekula kitu cha Haji. Na kwa kuwa ni Mkamba na huyu ni Msomali, maneno yakapata chumvi zaidi. Wakasema anawauza watu wake.

Siku ya soko, Bwana Mutisya akaenda mwenyewe. Hakumwita Mueni kando. Alimchukulia maiki mkononi, akatangaza kwamba kampuni haivumilii wezi, kwamba karani huyu ameiba uzito, na kwamba ameondolewa. Mama yake Mueni alikuwa pale pale akiuza nyanya. Msichana akashuka kutoka kibandani, akapita katikati ya soko lote, watu wakimfungulia njia kama mgonjwa wa kuambukiza. Kanisani wakamwambia apumzike kuimba kwanza. Halafu polisi wakaandikisha maelezo yake.

Ndipo nikaitwa ofisini kwa mkurugenzi. Polisi walikuwa wanataka neno la fundi, kwamba mashine imekaguliwa na haina kosa. Wakipata hilo, anayebaki na kosa ni Mueni, na anapelekwa kortini. Bwana Mutisya alikuwa ametayarisha karatasi. Kilichobaki ni sahihi yangu.

Nikamwambia sijaikagua.

"Utakagua nini, Kalondu?" akasema. "Si ndiyo hii inapima Kangundo kila msimu? Kuna mtu amewahi kulia?"

Nikamwomba siku moja ya soko. Akakataa, akasema kuna kazi Mlolongo. Nikachukua likizo yangu mwenyewe, nikavaa buti, nikaenda Muthetheni.

Kibandani kulikuwa na karani mpya, kijana aliyetumwa kutoka ofisi ya mkurugenzi mwenyewe, mtu wa kuaminika. Nikasimama kando nikaangalia. Ndume wadogo wa Haji wakaja, na bado walikuwa wazito. Nilimwona mnunuzi wa kichinjio akitikisa kichwa. Nikawaza, kama huyu naye ameshahongwa siku yake ya kwanza, basi Haji atamaliza kundi lake lote kwa kuhonga. Hapo hapo nikajua Mueni ni safi. Lakini kujua si kuonyesha, na polisi hawachukui fikira za mtu aliyevaa buti.

Nikamwendea Haji Adan. Aliniangalia juu mpaka chini.

"Umekuja kununua ama kunishika?" akauliza.

Nikamwambia nimekuja kutazama tu. Akasema kila mtu siku hizi anamtazama. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. Alikuwa ameuza mifugo Machakos kabla mimi sijazaliwa, na sasa anaitwa mhongaji wa watoto wa watu. Sikumbembeleza. Nilisimama pale juani naye, nikitazama watu wake wakiingiza ng'ombe, na ndipo nikaona kitu ambacho wakulima hawakifanyi.

Mkulima huja na ng'ombe wake mmoja kwa kamba. Haji huja na kundi. Na kila mara, kabla ya ndume wadogo wawili watatu, watu wake walikuwa wanamtanguliza ndume mmoja mzee, mkubwa, mpole, ambaye hata hakuwa wa kuuzwa. Anaingia kwenye mizani, anasimama, anatoka upande wa pili. Wadogo wanamfuata mkiani. Halafu wanamzungusha tena anatangulia wengine. Nikamuuliza Haji kwa nini.

"Hawa vijana ni waoga," akasema. "Hiyo chuma ikilia, wanaruka. Wakiona mkia ya mzee mbele, wanaingia. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake. Hiyo pia ni wizi?"

Nikamwomba aniingizie mmoja mdogo peke yake, bila mzee. Watu wake walicheka, na ilikuwa kazi kweli. Walisukuma, walivuta, mmoja alikanyagwa mguu. Tukamwambia karani azime mashine na kuiwasha tena, tukampima yule mdogo. Halafu tukamtoa, tukamwingiza ndume mzee, akasimama akatoka, na yule mdogo akamfuata mbio. Ng'ombe yule yule, asubuhi ile ile. Mara ya pili alikuwa ameongezeka uzito kiasi cha mtu mzima aliyempanda mgongoni.

Haji akatazama kioo cha mashine, akanitazama mimi, akaenda kukaa juu ya pipa lake.

Mimi nilishajua. Nilikuwa nimeisoma ile programu kwa sauti wiki nzima nikiwa na sketi mpya, na nilikuwa nayo kichwani. Mashine haisomi uzito mara moja. Husoma mara nyingi kwa haraka, huziweka namba kwenye safu moja, kisha huchukua wastani, kwa sababu hakuna kitu kinachotulia kabisa juu ya chuma. Safu ile ilikuwa imetangazwa kwa neno static, maana yake kazi ikiisha haifutiki. Inabaki na namba zake mpaka uzime mashine. Kwa magunia hiyo ilikuwa akili nzuri. Magunia yanalingana, kwa hiyo ukianza na namba za gunia lililotoka, wastani unatulia upesi, na wale wazee wa Kangundo hawangoji kwenye foleni.

Lakini gunia linakaa mpaka mashine itulie. Ndume mdogo anarukaruka, na programu ilikuwa na kikomo cha kusubiri. Kikifika, inatoa ilicho nacho. Na ilicho nacho kilikuwa nusu namba za mdogo, nusu namba za mzee. Mzee alikuwa ameshatoka zamani, yuko nje anatafuna, lakini uzito wake ulikuwa bado umesimama ndani. Mkulima mwenye ng'ombe mmoja alipata mabaki ya yeyote aliyemtangulia, mkubwa au mdogo, ndiyo maana wao walipanda na kushuka. Haji peke yake ndiye aliyetanguliwa na mkubwa kila siku. Desturi ya watu wake ndiyo iliyofanya wafanane na wezi.

Kabla ya kwenda kwa mkurugenzi nilipitia Kangundo, kwa Mzee Kioko, ambaye alikuwa amestaafu. Ile programu aliiandika yeye, na sikutaka asikie kwa watu. Nilimkuta akipogoa kahawa, sweta ile ile. Nilimweleza huku nikiogopa, kwa sababu ni mtu aliyenifunza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukata.

"Mimi niliandikia magunia," akasema. "Gunia haina miguu. Nani alipeleka programu yangu kwa ng'ombe?"

Nikamtajia. Akasema niende nimwambie Mutisya kwamba jina la Kioko liko juu ya ukurasa wa kwanza na anaweza kulitaja popote anapotaka, lakini yule msichana amwachie. Halafu akaniuliza nitarekebisha vipi. Nikamwambia geti ikifungwa, hesabu ya safu irudi sifuri. Mstari mmoja. Akasema niandike na sababu yake pembeni, ili mjinga mwingine asije akaufuta. Hakuniaga vizuri, alikuwa amekasirika, na si kwangu.

Bwana Mutisya alinielewa kabla sijamaliza. Msimfikirie kuwa mpumbavu; alikuwa mhandisi mzuri, na alikuwa na mishahara yetu sote mabegani. Ndiyo maana alikataa. Akasema tukikiri kosa la ng'ombe, kesho Kangundo watauliza kahawa yao, keshokutwa Mlolongo watauliza kokoto, na mwezi ujao sote tutakuwa tunauza nyanya na mama yake Mueni. Turekebishe kimyakimya, nitie sahihi, na msichana atajipigania kortini, pengine ataachiliwa. Neno hilo "pengine" ndilo lililonimaliza.

Nikamwambia hivi, na kwa kuwa limesimuliwa kwa namna nyingi, nitaliandika nilivyolisema: "Sitatia sahihi leo, sitatia kesho, na ukimpata mwingine wa kutia, nitaenda kortini nikae upande wa Mueni na nilete huyo ng'ombe."

Akaniambia nifikirie kazi yangu. Nikamwambia ndiyo ninayoifikiria. Kazi yangu ni kusema mashine inafanya nini. Kama hiyo siyo kazi, basi miaka yote hii nimekuwa nikipamba skrini.

Sikungoja anifukuze. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya soko na kwa koplo aliyeshika faili, nikawaomba jambo moja tu: waje siku ya soko wasimame kwenye mizani. Wakaja, koplo akiwa na uso wa mtu aliyepotezewa asubuhi. Haji akaleta ndume mzee na mdogo mmoja, safari hii akacheka kidogo. Tukapima mdogo peke yake, tukapima nyuma ya mzee. Koplo akasema turudie. Tukarudia. Akasema turudie na ng'ombe wa mtu mwingine, asiye Haji. Mama mmoja akatoa ndama wake, ndama akafuata mzee, akaongezeka uzito mbele ya macho ya mwenyewe. Yule mama akaniuliza kama ninaweza kuiacha mashine hivyo hivyo mpaka auze.

Kisha nikaiweka programu mpya, ile yenye mstari mmoja zaidi. Tukarudia yote. Mdogo akabaki mdogo, nyuma ya mzee au mbele yake. Koplo akafunga faili akaiweka kwapani, akasema hana mtu wa kupeleka kortini ila kama tunataka apeleke ndume.

Faili ya polisi ikawa imekwisha. Bwana Mutisya, kwa kuwa aliona hakuna tena cha kuficha, akamtumia Mueni ujumbe kwamba arudi kazini wiki ijayo, yameisha. Nilitumwa mimi kuupeleka. Nilimkuta nyumbani kwao akichambua pojo, nikamweleza yote, kuanzia safu ya namba mpaka ndume mzee. Nilidhani atalia, au atashukuru. Alichambua pojo.

Kisha akaniita mama kwa Kikamba, akasema, "Mwaitu, niliitwa mwizi na spika. Wacha wanisafishe na spika."

Nikamuuliza kama anamaanisha mkurugenzi mwenyewe. Akasema ndiyo, mwenyewe, siku ya soko, mama yake akiwa pale. Bila hivyo, mizani iendeshwe na ndume mzee. Nilirudi Machakos nikiimba ndani ya gari. Bwana Mutisya aliposikia alisema haiwezekani. Lakini mwenyekiti wa kamati akampigia simu, akamwambia soko zima linajua, na kandarasi inakaribia kujadiliwa upya, na kamati ingependa sana kumwona. Mzee Kioko naye akatuma neno kutoka Kangundo, ambalo siwezi kuliandika hapa kwa sababu kuna wachanga mtakaosoma.

Akaja. Alivaa suti. Mueni alikuwa amesimama chini ya kibanda, na mama yake ameacha nyanya zake akaja karibu. Bwana Mutisya akashika maiki, akasema kwa haraka, sauti ya chini, kwamba kampuni ilikagua mitambo yake na imebaini karani hakuhusika na tofauti zilizojitokeza.

Haji Adan alikuwa ameketi juu ya pipa lake, karibu kabisa na spika, karibu kiasi kwamba ilikuwa inampuliza kilemba. Akaweka mkono sikioni.

"Sijasikia," akasema.

Bwana Mutisya akasema tena, kwamba mashine ndiyo iliyokuwa na kosa. Kutoka nyuma, kwa wanunuzi wa kichinjio, mtu akapaza sauti kwamba huku nyuma hawajasikia. Kwa wauza nyanya wakasema na wao hawajasikia. Hata wale waliokuwa wamemfungulia Mueni njia siku ile wakasema hawajasikia, na hao nilitaka kuwaambia wanyamaze, lakini nikaona wacha.

Mkurugenzi akanitazama mimi, nikatazama ng'ombe. Akavuta maiki karibu na mdomo.

"Mueni si mwizi," akasema. "Sisi ndio tulikosea. Mimi ndiye niliyesema uongo hapa."

Mama yake Mueni akajifuta uso kwa khanga. Mueni akapanda ngazi za kibanda, akanyoosha mkono, na mkurugenzi akampa maiki. Nikadhani sasa atalia. Akaifuta ile maiki mdomo wake kwa kitambaa, vizuri, pande zote, mbele ya aliyeitumia. Kisha akafungua geti ya mizani, akauliza ng'ombe wa nani ndiye wa kwanza.